Aliyemtoa Jacktone Nje ya Kamba

Mkono wa Gisiri ulikuwa karibu kuvunjika, na Jacktone, bingwa aliyeushika, alikuwa akijaribu kukumbuka jina la binti yake.

Lilimpotea hapo hapo juu ya turubai, watu wakipiga mbinja. Mtoto wake mwenyewe! Tangu pigano la Kisii mambo yalikuwa yakimponyoka hivyo, na sikio la kushoto lilivuma kutwa. Hakumwambia mtu. Bingwa akikiri kwamba kichwa kinamsumbua, si bingwa tena.

Mwaka huo wa tisini na sita vijana wa Migori walikuwa wamepagawa. Ahmednur, mwenye duka la mabati na ukumbi wa video, alikuwa ameleta kanda za video za wazungu wanaopigana ndani ya uzio, na watu hawakutosheka na kutazama. Basi kila Jumamosi mchana viti vya ukumbi wake vilisukumwa kando, turubai likatandikwa juu ya magunia ya maranda, kamba ikazungushwa. Ngumi ruksa, teke ruksa, mweleka na kukaba ruksa. Sheria ilikuwa moja: anayetoka nje ya kamba ameshindwa.

Jacktone, mvuta nyavu wa Karungu, hakuwahi kutoka. Wote waliomjia walirudi kwao wakichechemea. Akimshinda huyu Gisiri, kijana wa Kikuria, Ahmednur angempeleka Nairobi kwa wapiganaji wazito zaidi.

Mkewe Millicent hakutaka kusikia habari za Nairobi.

"Jack, wacha hii kitu," alimwambia. "Jana umeweka chumvi kwa chai. Unafikiri mimi sioni?"

"Nitaacha siku nitashindwa. Haki ya Mungu, siku hiyo hiyo. Lakini nani atanishinda? Kwa hii dunia naogopa mtu mmoja tu. Mamako."

Ulikuwa mzaha wenye kidonda ndani yake. Jacktone alimtorosha Millicent kutoka kwao Kisegi, na hadi leo hakuwa amepeleka mahari, hata kwato la ng'ombe. Sasa Mjaluo humheshimu maro, yaani mama mkwe, kuliko anavyomheshimu askofu. Hali chakula mbele yake, hampi mkono, akikutana naye njiani humpisha. Jacktone hakuwa hata amewahi kumwona, na aliona afadhali hivyo.

Juma hilo Millicent aliacha kugomba. Alisema tu kwamba mama yake amepona mguu, huenda akaja kuwaona. Kisha yeye, ambaye alikuwa akiuchukia ukumbi ule, akaomba kuja kutazama. Jacktone alifurahi, akadhani nyumbani nako ameshinda.

Sasa, juu ya turubai, aliuvuta mkono ule. Gisiri aliuma meno, akakataa kusalimu amri.

"Vunja!" alipiga kelele Walter, binamu yake Jacktone aliyekuwa akimfundisha. "Omera, ndugu yangu, maliza!"

Mlango ukasukumwa. Mama mmoja mnene, leso imefungwa kiunoni, aliupasua umati kama anayemfuata ng'ombe wake aliyeibwa, akafika hadi kwenye kamba.

"Millicent, nyara!" aliita, kisha akaendelea kwa Kiswahili, ukumbi mzima usikie. "Binti yangu! Huyu ako uchi hapa ndiye mwanaume ulitoroka naye?"

Millicent aliruka kutoka kitini. "Mama! Umefika!"

Jacktone aliinua kichwa. Alijiona alivyo: kaptura fupi, kifua wazi, damu ya mtu mwingine begani, amemlalia mtoto wa watu, na mama mkwe wake amesimama pale akimtazama. Hakufikiri. Nani angefikiri? Aliuachia mkono, akajiviringisha chini ya kamba, akamnyang'anya Walter koti na kujifunika, akatimka kwa mlango wa nyuma.

Nyuma yake palizuka zogo, kisha sauti ya Ahmednur ikitangaza kwamba Gisiri ameshinda.

Walter alimkuta ameketi kati ya ukuta na rundo la mabati, machozi yakimtoka.

"Omera, ni nini hii umefanya? Huyo alikuwa amekwisha!"

"Maro ameniona."

Walter akaketi karibu naye. Naye alikuwa na mama mkwe.

"Basi," alisema. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi pia ningekimbia."

Waliketi wakisikiliza watu wakitawanyika na kucheka. Nairobi ndiyo imekwenda. Ingebidi watafute mbuzi, na ng'ombe wakipatikana, wapige safari ya Kisegi kuomba radhi. Jacktone alijaribu kupanga maneno ya kumwambia mama mkwe, lakini kila alilolishika lilimponyoka. Jina la mtoto nalo lilikuwa halijarudi. Aliogopa, na safari hii hakujidanganya kwamba haogopi.

Ukumbi ulipotulia alisimama, akachungulia kwenye upenyo wa dirisha aone kama maro amekwenda.

Hakuwa amekwenda. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Gisiri, akimkanda bega kwa maji moto, akimgombeza kwa Kikuria huku analia. Millicent alikuwa amemshikia beseni.

"Huyu wangu nilimzaa na mikono miwili," mama yule alimwambia Millicent. "Leo anarudi nyumbani na yote miwili. Sasa huyo wako, mpeleke hospitali."