Kopo la Mtumaji

Sheria ilimtaka mtumaji wa kemikali zinazolipuka kwa joto akae na kopo lake moja nyumbani, likiwa na kifaa cha kulipa joto lilelile la ndani ya lori, mpaka mzigo ufike. Bosi alimsainisha karani wake, Mwamvita, awe mtumaji badala yake. Mchana mmoja, kando ya kitanda cha mwanawe, namba za joto kwenye kopo zilikuwa zinapanda.

"Bosi, mmezima friji ya lori?" alifoka kwenye simu.

"Tunabana mafuta, dada. Acha presha."

Mwamvita alilibeba kopo hadi nyumbani kwa bosi, akalitua mezani, katikati ya familia iliyokuwa ikila.

Bosi akanyakua simu. "Dereva! Washa friji sasa hivi!"

Namba zikaanza kushuka. Mkewe akaweka kijiko chini.

"Baba Shamsa, miaka yote hii unatuma mizigo, na hili ndilo kopo la kwanza kuingia humu. Makopo mengine yalikaa kwa nani?"