Zamu ya Korea

Tangu serikali iipangie kila nyumba kifungua kinywa cha taifa jingine kila siku, Mwanaidi alikuwa akiamka amechoka. Leo ilikuwa zamu ya Korea: wali, supu na kabichi iliyochachushwa. Baba yake, Mzee Shaali, alikuwa amegoma siku mbili. Akigoma ya tatu, sahani yenyewe ingemsemea serikalini, naye angepelekwa kwenye nyumba ya kufundishia wazee kula.

"Baba, onja basi."

"Kabichi imeoza, nawe umeipambia sahani ya maua! Kwani inaolewa?"

"Mahamri na mbaazi ndiyo basi tena, Baba. Nakuomba. Sitaki wakuchukue."

Mzee akaivuta sahani, akaanza kula. Alimaliza yote, akalamba na vidole. Sahani ikawaka kijani.

"Tamu," alisema. "Marehemu mama yako akiipika hivi hivi, kila Idi."

Mwanaidi akacheka, akimngoja naye acheke. Mzee hakucheka. Mwanaidi akafumba macho, akaitafuta kumbukumbuni ladha ya mbaazi za Idi za mama yake ili amkosoe Baba. Ulimini ikamjia kabichi.