Kaburi la Rubani

"Tukichimba, tutapata mifupa?" Edith aliuliza. Alikuwa amepiga magoti chini ya mti, anapapasa kaburi, udongo mweusi umemjaa kwenye kucha.

Huyu mama mzungu ametafuta marubani wa vita waliopotea mpaka nywele zikawa nyeupe. Wa watu wengine amewapata. Wa kwake, babake mzazi, ndiye huyu ambaye ndege yake ilirudi kutoka vita vya Abisinia imetobolewa na risasi, ikazama ziwani hapa kwetu nikiwa mtoto.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Baba na wavuvi wenzake walimtafuta mpaka wakachoka. Kwetu mtu akikosekana hivyo, tunazika tunda la yago mahali pake. Ni refu, zito kama mtoto mchanga. Baba alilifunga kwa shuka lake, akina mama wakalia vizuri kabisa."

"Walimjua?"

"Ai! Kwani mtu analiliwa mpaka ajulikane? Hata mimi nililia, na nilikuwa nataka tu ile nyama ya matanga."

Edith akacheka, huku machozi yanamtoka. Akainua macho kwenye mti.

"Ndiyo," nikasema. "Mti huu umeota kutoka kwa lile tunda."

"Mama yangu alikufa akimngoja," akasema. "Kando ya kaburi lake tuliacha nafasi."

Nikashika tawi la chini, nikachagua tunda zito, nikalivuta.

"Pokea kwa mikono miwili," nikamwambia.