Katani ya Sudi

Mwaka ule ilipigwa marufuku maji kupita kwenye kiungo cha bomba kilichofungwa kwa mkono wa mtu. Fundi wa mamlaka ya maji, binti mpole, akafika jikoni kwa Mwajabu na spana yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hicho hakijavuja tangu marehemu mume wangu akifunge."

"Naona, bibi. Sheria ndiyo haikitaki."

Akakifungua. Katani ambayo Sudi aliizungushia meno ya bomba miaka ishirini nyuma ilitoka ingali na mafuta yake, laini kama ya jana. Mwajabu akaifumbata katika kiganja cha kulia, akainusa.

"Niachie hii tu, mwanangu."

"Vyote vinachomwa, bibi."

Binti akaichukua taratibu, akaweka kiungo kinachojikaza chenyewe.

Mchana ule Mwajabu alikula ugali kwa mkono wa kushoto, ili asiuoshe wa kulia.