Blogu Isiyo na Jina

Kila asubuhi watengeneza programu wa ofisi ile walifanya kikao wamesimama, ili mtu asiongee sana. Siku hiyo mkuu wao, Bwana Shekue, alikuja na kompyuta mkononi.

"Kitendawili!" akasoma.

"Tega!" wakamwitikia wakicheka.

"Nyumba ina wapangaji elfu, ufa wake anaujua fundi peke yake."

Jamani, Mwanakheri, mmoja wa watengeneza programu hao, aliyatambua! Maneno yale alikuwa ameyaandika mwenyewe jana, kwenye blogu yake isiyo na jina, ambako mafundi wenzake wa mtandaoni huelezana makosa ya kazi. Aliandika kwamba programu waliyoikabidhi zahanati inachanganya majina ya wagonjwa, na mkuu anajua, amenyamaza.

"Aliyeandika haya yumo humu humu," Bwana Shekue akasema, "na leo anafungasha virago, kazi hana. Kombo, ni wewe?"

"Mie, bosi? Mie hata barua ya likizo naandikiwa!"

Wakacheka. Mwanakheri hakucheka.

"Basi namuuliza huko huko kwenye blogu yake." Mkuu akaandika, akabonyeza kutuma.

Mezani, simu moja iliyolazwa kifudifudi ikatetemeka. Akabonyeza tena. Ikatetemeka tena, ikisogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Wote wakaitazama.

"Itaanguka hiyo," Kombo akanong'ona.

Mwanakheri akawaza wagonjwa wanaomeza dawa za wenzao. Akapiga hatua, akaigeuza simu yake, ujumbe wa mkuu ukawaka kiooni mbele ya macho yao wote.