Kosa la Jumamosi

Siku hizi kompyuta haingoji kuambiwa. Inajua unachotaka kabla hujafungua mdomo, na kitu kipo tayari. Ndiyo maana kila Jumamosi asubuhi mimi na mume wangu Shomvi tunaifuta ile gemu ya kupiga risasi ya enzi za ujana wetu, halafu tunaisakinisha upya kwenye Linux, mfumo wa kompyuta wa kuandikiwa amri, kwa mikono yetu wenyewe. Mimi naandika amri. Yeye analeta chai na kunikosoa.

"Faili la ramani halikupatikana," kompyuta hulalamika.

"Umeliweka kwenye folda gani, Mama Tunu?" Shomvi huniuliza.

"Si hiyo uliyoitaja wewe!"

Tunabishana, tunahamisha faili, tunaandika upya, inakataa tena. Raha yetu iko hapo. Katika nyumba ambayo hata mchele unajichambua, hapa tu ndipo tunapopata nafasi ya kukosea.

Jumamosi iliyopita sikukosea. Nilihakiki herufi moja moja, kila faili mahali pake. Ikakataa. Nikarudia amri ile ile bila kubadilisha kitu. Ikakataa. Mara ya tatu Shomvi akaangua kicheko mpaka chai ikamwagika, na hapo hapo gemu ikafunguka.

"Umelipata kosa!" akasema, akanipigapiga begani.

Nikamwambia ndiyo, nimelipata. Tukacheza mpaka adhuhuri.

Leo ni Jumamosi tena, na amri imekataa. Faili sijagusa hata moja; hata kompyuta hii inajua tunachotaka, na si gemu. Natafuta tu cha kumchekesha Shomvi.