Mtufaha wa Marehemu

Kwa mwaka wa tatu, kila jani la mtufaha alioupanda marehemu Mzee Ambakisye lilikuwa na madoa meusi. Atuganile, mke wa mwanawe, alikuja na msumeno na vikonyo vitatu, vijiti vilivyokatwa kwenye mtufaha usioshikwa na ugonjwa huo.

“Mti wa mume wangu haukatwi,” alisema mama mkwe wake.

“Siung'oi, mama. Naukata usawa wa goti, kisha naubebesha vikonyo hivi, viote juu ya shina lake. Mizizi inabaki ya baba.”

“Na matunda?”

“Yatakuwa ya mti mwingine.”

Mama mkwe alifikiri. “Kwa hiyo mume wangu atakuwa anawanywesha wageni maji kwa mizizi yake.”

“Ndiyo, mama.”

“Hata alipokuwa hai nilishindwa kumkataza.”

Akapiga magoti, akalishika shina kwa mikono miwili lisitikisike. Meno ya msumeno yakagusa gome.